Kumkatiza Nikolausi

Dar es Salaam,
18 Novemba 2001

Dada Letisia, shikamoo.

Natumaini hujambo, na mama mkwe wako goti linamwacha alale. Mimi mzima. Chumba nilichopanga hapa Kipawa kina feni moja na mbu wa kutosha shule nzima, lakini nimezoea. Mwambie mwanao Maximilian kalamu za rangi alizoagiza nimezinunua, baba yake atazileta akija likizo. Baba ameniandikia kutoka Bashay kwamba maharage yameoza ardhini kwa mvua. Sijui huko kwenu Gitting viazi vinasemaje.

Sasa nina shida, na sina mwingine wa kumwambia. Shemeji hasemi na mimi.

Ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita. Tulikuwa tunashuka kutua kwenye kiwanja kimoja cha kule ziwani, shemeji akiendesha, mimi pembeni yake nikisoma mishale ya vipimo vya ndege. Mbele ya kiwanja lilikaa wingu jeusi la mvua. Dada, mvua yenyewe haina neno. Kibaya ni upepo unaoporomoka kutoka kwenye wingu la namna hiyo. Ukifika chini unasambaa pande zote, kama ndoo ya maji uliyoimwaga sakafuni. Ndege ikiuingia, kwanza inapigwa usoni, na spidi inapanda yenyewe, mtu anaona mambo ni mazuri. Ukishavuka katikati upepo ule ule unakuwa mgongoni, spidi inaporomoka, na wewe uko karibu na ardhi, huna nafasi ya kuirudisha. Dawa ni moja. Ukiona dalili husubiri, unatia nguvu zote unapanda juu, unazunguka, unarudi baadaye. Na sheria inasema yeyote kati yetu wawili akiona, aseme.

Niliona spidi imeruka, nikasema tupande. Shemeji akapanda. Tulizunguka dakika ishirini, na tuliporudi jua linawaka na ndege ya wenzetu imeshatua muda mrefu, watu wake wanakunywa soda. Abiria mmoja akamuuliza shemeji, mbele ya wote, kama huwa anaogopa manyunyu.

Tangu siku hiyo ananijibu ya kazi tu. Nikikaa mezani anahama. Namwamkia, anaitikia huku anatazama ukutani. Mtu aliyenitafutia nafasi ya chuo cha urubani kule Soroti, dada, leo hataki kula na mimi. Mimi nikisema nitaharibu zaidi. Naomba umwambie wewe.

Mdogo wako,
Gidion


Gitting,
9 Desemba 2001

Mdogo wangu Gidion,

Marahaba. Sisi wazima. Viazi vimepona, ng'ombe mwekundu amezaa jike, na mimi nimepewa darasa la saba lenye watoto tisini na wawili, kwa hiyo ukiona mwandiko unayumba ujue mkono umechoka kusahihisha. Mama mkwe anakusalimu. Anauliza utaoa lini au unasubiri wasichana wapande wenyewe kwenye ndege yako.

Nikolausi amekuja na kuondoka. Alikaa siku nne, na mpaka ya tatu hakuniambia kitu. Alikuwa anarekebisha ua wa nyuma, msumari mmoja saa nzima. Nilipombana ndipo aliposema, "Mdogo wako ananiona mzee." Mimi sikumsubiri aseme zaidi.

Gidion, nitasema wazi kwa sababu mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Umekosea. Yule mtu alikuwa anarusha ndege jeshini wewe ukichunga mbuzi Bashay na kamasi puani. Serikali ilipofungua mlango kwa makampuni ya ndege ya watu binafsi, walimfuata yeye, wala hakwenda kuomba. Leo unamkatiza kauli na watu wamekaa nyuma yenu wanasikia, halafu mvua yenyewe haipo. Unaniambia habari ya sheria. Sheria hiyo imeandikwa na watu wasiokuwa na shemeji. Kwetu mdogo akiona jambo anasubiri mkubwa amalize, na mkubwa naye ana macho.

Sasa nisikilize. Pasaka utakuja huku. Utapitia Bashay, baba akupe dumu la asali. Utasimama mbele ya mama mkwe na mzee Qamara, ndugu wa baba yake Nikolausi, na utamwomba mume wangu radhi kwa mdomo wako, useme hutamkatiza tena. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwisha kwetu, na wewe hukuzaliwa Ulaya.

Usinijibu kwa kujitetea. Jibu kwa kuja.

Dada yako,
Letisia


Dar es Salaam,
14 Aprili 2002

Dada Letisia, shikamoo.

Nilifika salama, ila basi lilikwama nje ya Katesh tukalisukuma kwenye matope mpaka viatu vikawa vya rangi moja. Asante kwa Pasaka. Bado nina ladha ya ile pombe ya asali mdomoni, bilauri ilipozunguka shemeji akinywa kwanza na mimi nikimalizia. Mama mkwe wako aliponishika kichwa akisema sasa sisi ni kitu kimoja, nilikaribia kulia, na ningelia kama Maximilian asingekuwa ananitazama.

Umefanya jambo jema. Shemeji amerudi kuwa yeye. Tunakula pamoja, ananitania habari ya kuoa, amenifundisha hata namna anavyolisoma wingu kwa rangi ya tumbo lake.

Juzi tulitua katika upepo mbaya kidogo. Niliona spidi inacheza, nikamtazama usoni, sikusema. Akaiweka chini vizuri tu. Tulipozima injini akanipiga bega, akasema, "Unaona?" Nikasema naona.

Kuna jambo nilitaka kukuuliza kuhusu ile ahadi, lakini si la kuandika. Tutaongea nikija Agosti. Barua hii naituma kwa sanduku la posta la Shumbana mwenye duka pale Katesh kama kawaida, akuletee gari la viazi likipanda.

Mdogo wako,
Gidion


Gitting,
26 Mei 2002

Mdogo wangu Gidion,

Barua yako ya Aprili nimeipata jana. Barabara ilikatika, kisha ukaja msiba, na Shumbana anasema aliitazama pale dukani siku baada ya siku akashindwa kumtuma mtu aje kuniletea barua yenye jina lako. Jana amekuja nayo mwenyewe kwa miguu kutoka njia panda, akaniwekea mezani akasema, "Mwalimu, nisamehe." Nimesoma kwamba Nikolausi amerudi kuwa yeye. Kwa tarehe uliyoandika alikuwa amebakiza siku kumi.

Tulimzika Jumamosi ile ya tarehe ishirini na saba. Watu walijaa mpaka kwenye ngano ya jirani, imekanyagwa yote, na jirani hakudai fidia. Kampuni ilileta maua na mtu wa kusoma karatasi. Baba alikuja kutoka Bashay akakaa kwenye kiti cha mlangoni siku tatu. Alisema alikupitia hospitalini ukamgeukia ukuta. Mguu umeungwa? Unakula?

Mama mkwe hajui tarehe, hajui saa, anauliza tu mvua ilikuwa kubwa kiasi gani. Mimi nauliza zaidi ya hapo. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yake, kiti kwa kiti. Niambie ilikuwaje, na alisema nini mwisho. Usinifiche kwa kunihurumia. Nimeshahurumiwa na wilaya nzima na sijapata usingizi.

Dada yako,
Letisia


Dar es Salaam,
30 Juni 2002

Dada Letisia, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta mpaka wiki iliyopita, ndiyo maana mwandiko umekuwa wa mtoto. Mguu umeungwa ila umefupika kidogo. Chakula nakula. Pole sana, dada. Nimeandika neno hilo mara nyingi kwenye karatasi nyingine nikazichana.

Lilikuwa wingu. Lilikuwa kubwa kuliko lile la Novemba, limekaa mwanzoni kabisa mwa kiwanja. Upepo ulitupiga usoni, kisha ukageuka. Tulianguka mita mia tatu kabla ya kiwanja, kwenye majaruba ya mpunga. Abiria walikuwa ishirini na wawili, wamekufa wanne. Shemeji hakuteseka. Nilimshika mkono na mkono ulikuwa umeshalegea. Mwambie mama mkwe wako kwamba mvua ilikuwa kubwa sana.

Mwisho alisema kwa lugha yetu ya nyumbani, "Tulia, tunafika." Ndilo neno lake la mwisho.

Tume ya uchunguzi imenihoji mara moja kitandani, wataniita tena. Nisalimie Maximilian. Anaendeleaje na hesabu?

Mdogo wako,
Gidion


Gitting,
18 Agosti 2002

Mdogo wangu Gidion,

Huku tumepata mkoa mpya, labda mmesikia kwenye redio. Sasa sisi ni Manyara, makao makuu Babati, na mwalimu mkuu ametuandikisha bahasha zote upya. Watu wanashangilia kwamba maendeleo yamekaribia. Ng'ombe mwekundu amekufa. Mama mkwe hatoki nje.

Maximilian amepigana shuleni. Kijana mmoja alileta kipande cha gazeti kinachosema rubani mkuu alilazimisha kutua, akamsomea mbele ya wenzake kwamba baba yake ameua watu. Hesabu umeuliza. Hesabu hafanyi.

Walikuja watu wawili wa tume, wastaarabu, wakanywa chai. Waliniuliza kama Nikolausi alikuwa mgonjwa, kama alikuwa na mawazo, kama tuligombana. Nikawaambia hapana. Wakati wa kuondoka yule mdogo akasema kuna chombo kinachonasa sauti mle ndani, na wamekisikiliza. Anasema kuanzia spidi iliporuka mpaka muda wa kupanda ulipopita kuna sekunde kumi na moja, na humo husikiki wewe. Inasikika injini, inasikika mvua, inasikika sauti ya Nikolausi mara moja kwa lugha wasiyoijua, wakaniomba niitafsiri. Nikawatafsiria.

Mimi ni mwalimu, Gidion. Nakaa na watoto tisini na wawili. Mtoto haambiwi atulie kama hajafungua mdomo. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu. Katika sekunde hizo ulikuwa unafanya nini?

Dada yako,
Letisia


Dar es Salaam,
6 Oktoba 2002

Dada Letisia, shikamoo.

Nimeipata barua yako wiki tano zilizopita. Leo ndiyo naijibu.

Nilikuwa namtazama usoni.

Spidi iliporuka niliiona kabla yake, kwa sababu kuitazama ndiyo kazi yangu na yeye macho yalikuwa nje anatafuta kiwanja. Ilipanda kutoka mia moja na kumi na nane mpaka mia moja na thelathini na tano. Yeye akapunguza nguvu ya injini, kama mtu yeyote angefanya. Hapo nilijua. Dada, sikubahatisha, nilijua kama ninavyojua jina langu. Neno lenyewe ni fupi, tumefundishwa kulisema hata usingizini. Nikafungua mdomo, nikavuta pumzi, na yeye akasikia ile pumzi. Hakugeuka. Ndipo aliposema nitulie, tunafika. Hakusema kwa ukali. Alisema kama pale Pasaka aliponipa bilauri.

Nikatulia. Nikamwona mama mkwe wako, nikamwona mzee Qamara, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema mbele ya wote sitakukatiza tena, shemeji. Nikawaza labda ameona jambo nisiloliona, mkubwa ana macho. Sekunde kumi na moja ni nyingi sana, dada. Sala fupi inatosha humo. Aliposukuma nguvu zote tulikuwa tumeshavuka katikati, upepo uko mgongoni, nguvu zikaja na ardhi ikaja.

Tarehe ishirini na moja Novemba nitaitwa mbele ya tume. Nitasema niliona na sikusema. Wakiniuliza kwa nini, nitasema niliogopa. Gitting sitaitaja, wala Pasaka, wala barua yoyote. Gazeti likiandika tena, Maximilian atajua kwamba kulikuwa na mtu wa pili mle ndani aliyepaswa kumsaidia baba yake na hakumsaidia. Labda atalala.

Sikulaumu. Sikuandika hivi ili nikulaumu. Umeuliza, na nimechoka kuwa mtu asiyejibu.

Nataka kuja Krismasi. Niandikie neno moja tu, nije au nisije.

Mdogo wako,
Gidion


Dar es Salaam,
15 Desemba 2002

Dada Letisia, shikamoo.

Sijapata jibu. Labda ni mvua, labda Shumbana amesafiri. Baba anasema mko wazima, kwa hiyo nashukuru.

Nilisema kama nilivyokuandikia. Mwenyekiti aliniuliza mara mbili kama naelewa ninachosema. Leseni wameichukua, na sidhani itarudi, na ikirudi sidhani nitakaa tena kwenye kile kiti. Nimepata kibarua cha kuandika mizigo ghalani. Wenzangu wa zamani wakipita wananisalimu kwa mkono na kuangalia saa.

Kuna mke wa mmoja wa wale wanne aliyenifuata nje ya chumba cha tume. Nilifikiri atanipiga. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukusema, baba?" Nimeshalitoa jibu langu lote kwako.

Krismasi nitakuwa tayari. Nikipata neno hata tarehe ishirini na tatu, napanda basi.

Mdogo wako,
Gidion


Gitting,
12 Januari 2003

Mdogo wangu Gidion,

Marahaba ya barua zote mbili. Zilifika zote, na kwa wakati. Shumbana hana kosa safari hii.

Baba amevuna kidogo. Sisi tumevuna viazi, bei hakuna. Maximilian amerudi shule, ameacha kupigana. Ile habari mpya kwenye gazeti aliisoma mwenyewe, akaikunja, akaniuliza kama mjomba Gidion ni mtu mbaya. Nikamwambia hapana. Akauliza, basi kwa nini alinyamaza. Nikamwambia akalete kuni.

Nilijua, Gidion. Nilijua wakati wale watu wa tume wanakunywa chai, niliposikia tu neno la Nikolausi. Nilipokuuliza Agosti sikuwa natafuta ukweli. Nilitumaini utaniandikia uongo, kwamba ulikuwa umeinama, kwamba ulikuwa unatafuta karatasi. Kijana mzembe ningemsamehe baada ya mwaka mmoja au miwili. Nilikuwa nimeshajiandaa kukusamehe hilo.

Umesema hunilaumu. Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imelegea. Nilikaa na barua hii tangu Oktoba nikijaribu kuandika kwamba ni wewe, halafu kwamba ni Nikolausi na kiburi chake, halafu kwamba ni wingu. Yote nayaandika na mkono unakubali. Kisha nakumbuka nilivyosimama pale Pasaka nikikushika kiwiko, ulipokuwa unasita, nikakusukuma mbele. Watu wanne wengine na baba wa mwanangu. Darasani nawaambia watoto wanyooshe mkono kabla ya kusema, na wiki hii nimeshindwa kuwaambia hata hilo.

Mama mkwe sijamwambia. Gazeti hasomi, na wanaokuja hapa hawathubutu. Nimemwambia ni upepo, naye ameupokea, anasema upepo hauna ukoo wa kumdai. Kila jioni anakuombea kwa jina. Anasema Mungu alichukua mmoja akamwachia mmoja, na anauliza kwa nini huji akushike kichwa.

Ukija, atakukalisha pale pale ulipoapa, na atakuuliza ilikuwaje mwanawe akafa. Nawe siku hizi unajibu ukiulizwa. Mimi nitakuwa nyuma yako, na najijua, nitakuomba unyamaze.

Sitaki kukuomba hilo mara ya pili. Kwa hiyo usije.

Dada yako,
Letisia